Aliyewafundisha Watu Kutoweka

  Najua saa hii wengi wenu hapa Githongo mko shambani, redio mmeitundika kwenye mti, mikono iko kwenye majani chai. Endeleeni na kazi. Mimi nitazungumza, nanyi mtasikiliza huku mkichuma.

Leo tutazungumza habari za mtu mmoja. Anaitwa Paul Nthenge Mackenzie. Jina hilo mmelisikia. Mlilisikia Aprili 2023, wakati kila taarifa ya habari ilikuwa na neno Shakahola, na wengi mlizima redio kwa sababu watoto walikuwa wakisikiliza. Sikuwalaumu. Lakini habari iliyozimwa haijaisha, na ndiyo maana nimeirudia leo.

Utaniuliza, mbona utuletee mambo ya Malindi hapa Githongo? Huko ni Pwani, huko ni joto, sisi tuko mlimani. Nakujibu hivi: walioingia msitu wa Shakahola hawakuwa watu wa Malindi peke yao. Walitoka pembe nyingi za Kenya. Waliuza mashamba, wakauza ng'ombe, wakaacha kazi, wakapanda basi na watoto wao. Na kila mmoja alikuwa na jirani. Kila mmoja alikuwa na ndugu, alikuwa na chifu, alikuwa na mwalimu wa mtoto wake. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo, kwa hao waliobaki nyuma.

Basi tuanze na mtu mwenyewe.

Mackenzie ni mzaliwa wa Lunga Lunga, kule Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Kabla ya kuwa mhubiri alikuwa dereva wa teksi Malindi. Aliendesha teksi tangu mwaka 1997 hivi mpaka 2003. Mwaka huo wa 2003 akaanzisha kanisa, Good News International, akishirikiana na mama mmoja mhubiri wa hapohapo Malindi. Lilianza dogo, kama yanavyoanza mengi: watu wachache, viti vya plastiki, kipaza sauti. Hapo bado huoni la ajabu. Kanisa la namna hiyo hata Githongo lipo, na wanaoabudu humo ni watu wema.

Mahubiri yake yakawa ya siku za mwisho. Hilo nalo si la ajabu, kwa maana kila Mkristo husoma kitabu cha Ufunuo. Ila sikiliza alivyoendelea. Alisema shule ni ya shetani. Akasema hospitali, dawa na chanjo za watoto ni njia za adui. Hata kusuka nywele alikuwa na neno lake. Baadaye akaigeukia serikali. Mwaka 2019 serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba, yeye alisema hiyo ndiyo namba ya mnyama, alama ya Mpinga Kristo, na kwamba kuna utawala mmoja wa dunia unaokuja kuwatia watu wote mkononi mwake. Mahubiri hayo yalirekodiwa, yakarushwa kwenye televisheni na mtandaoni, yakamfikia mtu aliyekuwa ameketi nyumbani kwake mamia ya kilomita kutoka Malindi.

Watu husema Mackenzie alikuwa na dini ya ajabu. Mimi nasema alikuwa na siasa pia, tena siasa kali kuliko za wengi tunaowaona jukwaani. Mwanasiasa anakwambia serikali hii ni mbaya, nipe kura niibadilishe. Mackenzie alisema kuwa raia kwenyewe ni dhambi. Ukiandikwa umepotea. Mtoto wako akiitwa jina lake kwenye rejista ya darasa, amepotea. Ukishika kitambulisho, umepotea. Kabla hajagusa chakula cha mtu yeyote, alikuwa ameshawafundisha watu wasihesabiwe mahali popote. Tafadhali lishike hilo, maana nitalirudia.

Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu kuna mzee ananisikiliza na tayari ana swali. Anasema, mwanangu, kukataa kuandikwa ni kosa tangu lini? Sisi tuliona kipande.

Mzee, umesema kweli. Serikali ya Mwingereza iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande tangu miaka ya mwanzo ya 1920. Kilikuwa ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni, na ndani yake zimo alama za vidole na maneno ya mwajiri. Waliokikataa tunawaita mashujaa, na hatukosei. Hata hiyo Huduma Namba haikupingwa na Mackenzie peke yake. Wanubi wa Kenya kupitia Nubian Rights Forum, pamoja na watetezi wengine wa haki, waliipeleka serikali mahakamani. Januari 2020 majaji wakasema mpango uendelee ila kwa masharti, iwepo sheria kamili ya kulinda habari za watu. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila kufuata sheria hiyo. Unaona? Mtu anaweza kuikatalia serikali, akasimama hadharani, akataja jina lake, akaenda kortini na jirani zake wakimwona. Huyo amekataa akiwa kati ya watu. Mackenzie alichukua hofu hiyohiyo, ambayo ilikuwa na msingi, akaigeuza kuwa sababu ya mtu kuwakimbia watu wote.

Na hapa kwetu, hasa upande wa Tharaka, kuna jamaa zetu wa Kavonokia. Mnawajua. Kwa miaka mingi wamekataa hospitali na dawa, wanategemea maombi, na mara kwa mara serikali imelazimika kuingilia ili mtoto mgonjwa atibiwe. Siwaweki kapu moja na Shakahola. Hao wanaishi kati yetu, wanalima, wanauza sokoni, unakutana nao njiani mnasalimiana. Mtoto wao akiugua, kuna jirani anayeona na kuna chifu anayeambiwa. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo imewaokoa watoto wao kadhaa.

Turudi Malindi.

Je, Mackenzie alijificha? Hapana. Oktoba 2017 polisi walimkamata kwa habari ya watoto waliotolewa shuleni na kufundishwa kanisani kwake. Akapelekwa kortini, akatoka. Mwaka 2019 akakamatwa tena kwa yale mahubiri ya Huduma Namba. Akatoka. Mwaka huohuo akatangaza kwamba amefunga kanisa. Baadaye alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba sasa yeye ni mkulima tu.

Mkulima wapi? Katika msitu wa Shakahola, kwenye ranchi ya Chakama, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka mjini Malindi kuelekea bara. Eneo lililotajwa ni ekari 800. Wewe unayelima robo ekari ya chai hapa Githongo, jaribu kuzifikiria ekari 800 za miti ya miiba na vumbi jekundu, bila barabara ya maana. Ndani yake wafuasi waligawiwa viwanja, wakajenga vibanda vya fito na nailoni, na vijiji vikapewa majina ya Biblia: Yudea, Bethlehemu, Nazareti. Mtu aliyeuza shamba lake la urithi akafika pale na mke na watoto, akaambiwa, hapa ndipo kwako, unakaa Bethlehemu.

Fikiria sasa mtu huyo ana nini. Kitambulisho alishaambiwa ni cha shetani. Watoto hawako kwenye rejista ya shule yoyote. Mama mjamzito hana kadi ya kliniki. Kazi ameacha, shamba ameuza, na ndugu zake aliambiwa ni watu wa dunia. Akiugua leo, nani atajua? Akifa leo, nani ataandika? Alishafutwa kwenye kila daftari, na aliyekishika kifutio alikuwa yeye mwenyewe, kwa imani.

Yaliyofuata nitayasema taratibu. Kama kuna watoto karibu, mama, watume kuni.

Mashtaka yalipofunguliwa, Mackenzie aliyakana. Ninayoyasema ni yale yaliyoelezwa na walionusurika, na upande wa mashtaka, na madaktari wa serikali waliopasua maiti. Wafuasi waliambiwa wafunge kula na kunywa ili wakutane na Yesu. Kulikuwa na utaratibu: watoto kwanza, kisha wanawake, kisha wanaume, na kiongozi mwisho. Watoto waliwekwa juani ili wafe upesi. Timu ya mpasuaji mkuu wa serikali, Dakta Johansen Oduor, ilikuta dalili za njaa kwenye maiti nyingi. Lakini ilikuta nyingine zilizonyongwa, nyingine zilizopigwa, nyingine zilizokosa hewa. Maana yake ni kwamba si kila mtu alikubali kufa. Kuna waliobadili nia mle ndani, wakataka chakula, wakataka kutoka, wala hawakuachwa.

Wenyeji wa vijiji vya jirani walieleza kwamba walijaribu kuingia, wakafukuzwa na kupigwa. Machi 2023 Mackenzie alikamatwa kwa habari ya vifo vya watoto wawili, akatoka kwa dhamana. Ni watu wa haki za binadamu, Haki Africa wakiwemo, pamoja na ndugu waliokuwa wakitafuta watu wao, walioendelea kupiga kelele. Katikati ya Aprili polisi wakaingia msituni, wakakuta watu wamelala chini, mifupa na ngozi. Wengine walikataa maji waliyopewa. Wiki moja baadaye ufukuaji ukaanza. Makaburi yalikuwa ya kina kifupi, mengine chini ya vichaka, mengine yana watu kadhaa kwa pamoja, mzazi na watoto. Waliofukuliwa walipita 400.

Nitanyamaza kidogo hapo.

Sasa niambie, msikilizaji. Watu zaidi ya 400 hawaondoki makwao siku moja. Waliondoka mmojammoja, nyumba kwa nyumba, kwa miaka kadhaa. Kila kiti walichoacha darasani mwalimu alikiona. Kila shamba lililouzwa lilikuwa na mnunuzi na mashahidi. Kila simu iliyozimwa ilikuwa na mtu upande wa pili anayepiga bila kujibiwa. Tuliwaona wakitoweka. Wengi waliuliza, na wengine walisafiri mpaka Malindi kutafuta. Hao nawaheshimu sana. Lakini wengi zaidi walisema, ah, huyo ameokoka, ameamua maisha yake, tusimwingilie.

Baada ya makaburi, nchi nzima ilianza kuzungumza habari za usajili wa makanisa. Rais aliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, na ripoti yake ikatolewa Julai 2024. Seneti nayo ilikuwa na kamati yake, chini ya Seneta Danson Mungatana, iliyolaumu uzembe wa polisi na wa mahakama. Makanisa mengi yakalalamika kwamba serikali inataka kuwatawala wahubiri. Nimewasikiliza wote. Kuna mhubiri anayestahili kuulizwa hesabu zake, hilo nakubali. Lakini kanisa la Mackenzie lilikuwa limesajiliwa! Usajili wake ulifutwa Mei 2023, wakati watu wanachimbuliwa. Kwa miaka mingi cheti kilikuwepo.

Na si yeye wa kwanza. Wazee mnakumbuka Kanungu, Uganda, Machi 2000? Kulikuwa na kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Joseph Kibwetere, mtu aliyesoma, aliyewahi kusimamia shule za Kikatoliki na kujihusisha na siasa za chama cha Democratic Party (DP). Pembeni yake alikuwepo Credonia Mwerinde, aliyesema anaongea na Bikira Maria. Kundi hilo nalo lilikuwa limesajiliwa serikalini. Wafuasi wao waliuza mali, wakaishi pamoja, wakakatazwa hata kuzungumza, wakawa wanaelewana kwa ishara za mikono. Waliambiwa dunia inaisha tarehe 31 Desemba 1999. Haikuisha, na wengine wakaanza kudai mali yao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo ambalo milango na madirisha yake yalikuwa yamepigiliwa misumari. Siku zilizofuata yakapatikana makaburi mengine katika nyumba nyingine za kundi hilo. Mtu aliyekatazwa kufungua mdomo angemwambia nani kwamba anataka kutoka?

Ndiyo maana mimi siulizi kwanza kanisa lina cheti gani, wala linaamini nini kuhusu mwisho wa dunia. Nauliza, mfuasi wake yuko wapi? Tunamwona? Bado anakuja kwenye mazishi ya jirani? Bado mtoto wake anakwenda shule? Mama yake akimpigia simu, anashika?

Nikuletee mpaka hapa kwetu. Pale kwenye kituo cha kuuzia majani chai, jioni, mnapanga foleni na magunia. Karani anapima, anaandika kilo kwenye jina la mkulima, anampa risiti. Mnajuana wote. Ikipita wiki moja mke wa fulani hajaleta majani, mtu anauliza: vipi, ni mgonjwa? Swali hilo dogo lina thamani kubwa. Zikipita wiki mbili, chama cha akina mama kinaona hajaleta mchango. Siku ya kliniki, nesi anafungua daftari anaona mtoto amekosa chanjo ya miezi tisa, anamtuma mhudumu wa afya wa kijiji apite nyumbani. Mwalimu naye anaona madawati mawili hayana watu. Hayo yote ni mambo ya kawaida, hayana jina kubwa. Na hayohayo ndiyo Mackenzie aliyahubiria vita, moja baada ya jingine: shule, kliniki, kitambulisho, kazi, ndugu. Alijua, au niseme mafundisho yake yalijua, kwamba mtu anayeulizwa kila jioni yuko wapi ni vigumu kumpeleka msituni afe.

Basi jirani akianza kuondoka hivyo ufanye nini? Nimeulizwa swali hili mara nyingi. Kwanza, usimdhihaki. Mtu akichekwa kwa imani yake anapata sababu ya kuamini kwamba dunia nzima ni adui, na mhubiri wake alishamwambia itakuwa hivyo. Mtembelee. Mpelekee ndizi, kaa, zungumza naye habari za ng'ombe. Usikubali akukate. Pili, watoto. Mtu mzima ana haki ya kuamini atakalo, Katiba yetu inasema hivyo. Mtoto wake naye ana haki ya chakula, ya shule na ya matibabu, na Katiba ileile ndiyo inayosema. Ukiona mtoto ametolewa shuleni, au anaumwa na hapelekwi hospitali, mwambie chifu, mwambie mzee wa Nyumba Kumi, mwambie mwalimu mkuu. Chifu akinyamaza, nenda juu yake. Usione haya kuitwa mmbea. Na wazee wetu wa Njuri Ncheke, ambao hukaa kuamua habari za mashamba, mkiona mtu anauza urithi wote haraka na hasemi anakwenda wapi, naomba mumwite mzungumze naye kabla ya kushuhudia.

Kuna jambo moja liliniuma kuliko mengi, na sitaki kumaliza bila kulisema. Juni 2023, watu 65 waliookolewa Shakahola walishtakiwa mahakamani, kule Shanzu, kwa kosa la kujaribu kujiua, kwa sababu walikuwa wakikataa chakula. Hawa walikuwa ndio waliopona! Walikuwa wameondolewa kila kitu na kila mtu, na kitu cha kwanza walichopata kwa taifa lao kikawa ni kizimba. Naelewa kwamba maofisa waliogopa wangewafia mikononi. Hata hivyo naona tulikosea, kwa sababu mhubiri alikuwa amewaambia serikali ni adui, nasi tukamthibitishia maneno yake. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua inapingana na Katiba. Nilifurahi kuisikia hukumu hiyo.

Na wale waliokufa? Kuwatambua kulichukua muda mrefu. Ndugu walikwenda kutoa sampuli za mate ili zilinganishwe na za maiti. Wengine hawakuwa na mtu wa kuwadai, kwa sababu familia nzima ilikuwa mle makaburini. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa mwishoni mwa Machi 2024, Malindi, karibu mwaka mzima baada ya kufukuliwa. Kesi nazo zikafuata: mashtaka ya mauaji ya watoto 191, mashtaka ya kuua bila kukusudia, mashtaka ya ugaidi. Ushahidi ulianza kusikilizwa Julai 2024. Kabla ya hapo, Desemba 2023, Mackenzie alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi 12 kwa kuendesha studio na kutoa filamu za mahubiri bila leseni.

Kisha, katikati ya mwaka 2025, ukiwa umepita mwaka mmoja tu tangu ushahidi uanze kusikilizwa, yakafukuliwa makaburi mengine Kwa Binzaro, hukohuko Chakama. Miili zaidi ya 30. Usikie tena mwaka huo, msikilizaji: 2025. Nchi nzima ilikuwa imeshaona Shakahola, ripoti zilikuwa zimeshaandikwa, na bado kuna watu waliofunga mizigo wakaelekea upande uleule, na nyumba walizotoka ziko kijijini kwa mtu fulani.

Muda wangu unaisha. Kama una ndugu aliyeondoka na hujui aliko, anza leo kwa chifu wako, upige ripoti polisi na uchukue namba ya ripoti hiyo. Kisha nenda kwa Msalaba Mwekundu. Wakati wa Shakahola waliweka dawati la kutafuta watu, na mamia ya majina yaliandikishwa pale. Beba picha yake, na jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kama mwenyewe alikwisha kukitupa. Baada ya matangazo ya vifo tutafungua simu, na ningependa kusikia kwanza kutoka kwa walimu.